Vidonge saa 11, chai saa 4: kisa cha fundi cherehani aliyeanza mazoezi sukari ikamwangusha

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wauguzi, matabibu, wahudumu wa afya wa jamii, na wenye kisukari pamoja na watu wanaoishi nao. Jina, mji, kituo na tarehe vimeondolewa.

Usuli

Mhusika ni mwanamume wa zaidi ya miaka 60, fundi cherehani katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania, mwenye kisukari cha aina ya 2 kwa miaka 8. Alikuwa na kilo 84 kwa urefu wa sentimita 168, yaani BMI (uwiano wa uzito na urefu) ya 29.8. Shinikizo la damu lilikuwa 138/86 akitumia amlodipini miligramu 5. Kwa ajili ya sukari alimeza metformini gramu 1 asubuhi na gramu 1 jioni, pamoja na glibenklamidi miligramu 5 asubuhi na miligramu 5 jioni. HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi 3, ilikuwa 9.4%. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilicheza kati ya 10.5 na 12 mmol/L.

Kwa zaidi ya miaka 20 alishona kwa cherehani ya kukanyaga. Miaka 3 kabla ya kisa hiki alifunga mota, kazi ikaenda haraka na miguu ikastarehe. Uzi, mkasi na chaki viko mkononi, na kijana anayejifunza kazi ndiye husimama kupiga pasi na kutumwa vifungo. Fundi mwenyewe hukaa kitini saa 9 hadi 10 kwa siku. Mkewe anasema uzito uliongezeka kilo 6 tangu mota ifungwe.

Mambo matatu hayakuwamo kwenye daftari lake la kliniki. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, ilikuwa haijapimwa kwa miezi 14, nyayo zilikuwa hazijawahi kupimwa hisia, na hakuna aliyemuuliza anakula saa ngapi. Hilo la tatu linaonekana dogo kuliko yote, na ndilo lililokaribia kumuua.

Ushauri alioondoka nao

Daftari lilisema: "Apunguze wanga, afanye mazoezi, arudi baada ya miezi 2. Aendelee na dawa zilezile." Ukiusoma haraka, ushauri huo unasikika sahihi. Lakini mazoezi gani, dakika ngapi, kabla au baada ya kula, dawa zipunguzwe au la, hayo hayakusemwa wala hakuyauliza. Alitoka kliniki akiwa na nia njema kabisa, na nia hiyo aliitekeleza kwa bidii kuliko mtu yeyote alivyotarajia.

Siku 17 za kwanza

Alianza siku ya tatu baada ya kliniki. Saa 11 alfajiri, kabla ya kwenda msikitini, alimeza vidonge vyake, kwa sababu pakiti imeandikwa "asubuhi". Baada ya swala alitembea kwa kasi na kukimbia kidogokidogo, dakika 50 hadi 60, siku zote 7 za wiki. Akarudi, akaoga, akafungua duka saa 2. Chai na chapati alikunywa saa 4, mama lishe wa jirani anapopita na chupa zake. Kwa hiyo kutoka kidonge hadi tonge la kwanza zilipita saa 5, na katikati yake kulikuwa na saa nzima ya kukimbia.

Usiku aliacha ugali kabisa. Alikula samaki na mchicha tu, lakini kidonge cha jioni alikimeza kama kawaida.

Wiki ya kwanza sukari ya asubuhi ilishuka hadi 8.4. Nyumbani walifurahi. Siku ya 6 aliungana na vijana wanaopanda kilima kwa mbio. Alijipima kabla akapata 9.1, alipomaliza akapata 11.6. Alishtuka, akahitimisha kwamba mazoezi bado hayatoshi, akaongeza kasi. Hapo alisoma kipimo vibaya, na ni kosa linalowapata wengi. Mbio za nguvu hupandisha adrenalini, homoni ya mshtuko, nayo huliamuru ini limwage sukari kwenye damu. Sukari hiyo hupanda kwa muda mfupi tu, kisha misuli huanza kuidai, na deni lake hulipwa saa kadhaa baadaye.

Kuanzia siku ya 9 alianza kutoka jasho jembamba na kutetemeka vidole, mara nyingi saa 3 asubuhi. Aliamini mwili unazoea mazoezi, na jasho ni mafuta yanayoyeyuka. Siku ya 13 alishona shati la mteja, mkono wa kulia akauweka kushoto. Kijana wake alisogea na kumwambia kwa adabu, "Fundi, samahani, mikono imepishana." Alimfokea mbele ya wateja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka 4 waliyokaa pamoja. Baada ya chai ya saa 4 alilitazama lile shati, akafumua mishono bila kusema neno. Kijana alidhani fundi ana matatizo ya nyumbani.

Siku ya 17, karibu saa 3 na nusu asubuhi, alitoka kununua bitana. Alikutwa amekaa chini kando ya barabara, shati limelowa, anaongea maneno yasiyoungana. Wapita njia walisema amelewa. Mmoja, kwa huruma, alijaribu kummiminia soda mdomoni wakati hata kumeza hawezi. Alipaliwa. Kijana wake alifika, akasema mzee ana kisukari, wakampakia bajaji hadi zahanati.

Sukari: 2.1 mmol/L.

Aliwekewa dekstrozi (maji ya sukari) ya 50%, mililita 50, polepole kwenye mshipa, na baada ya dakika chache aliuliza yuko wapi. Alipewa chai na mkate, sukari ikasoma 7.8, akaruhusiwa kwenda nyumbani baada ya saa 1. Jioni saa 10 mkewe alimkuta amelala, jasho linamtiririka. Walipompima ilikuwa 2.9. Safari hii alipelekwa hospitali, akawekewa dripu ya dekstrozi ya 10% na kuangaliwa kwa saa 24.

Maamuzi ya hospitali na kliniki, na sababu zake

Glibenklamidi ilisimamishwa siku hiyohiyo. Dawa hii hulilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama sukari tayari iko chini, na mabaki yake yenye nguvu hutolewa kupitia figo. Kreatinini ilipopimwa, kiwango cha figo kuchuja (eGFR) kilikuwa 52. Figo hizo si mbovu kiasi cha kumtisha mtu, ila zinatosha kuifanya dawa ikae mwilini kuliko ilivyokusudiwa. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema wazi kwamba glibenklamidi haifai kwa walio juu ya miaka 60. Metformini iliendelea, kwa kuwa eGFR ilikuwa juu ya 45 na dawa hiyo peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi.

Mazoezi hayakusimamishwa. Uamuzi huu ulibishaniwa, kwa sababu familia ilitaka mzee apumzike kabisa, na hofu yao inaeleweka. Hoja iliyoshinda ilikuwa kwamba mazoezi yalikuwa yamefanya kazi yake sawasawa, ila dawa na saa za kula zilibaki palepale. Mtu akiogopeshwa mazoezi baada ya kuanguka mara moja, kumrudisha ni kazi ya miaka.

Kabla ya kumpangia upya aliulizwa kama hubanwa kifua au kukosa pumzi akipanda ngazi, akasema hapana. Nyayo zilipimwa kwa uzi wa nailoni wa gramu 10: hakuuhisi chini ya vidole viwili vya mguu wa kulia. Kwenye kisigino cha mguu huohuo kulikuwa na lengelenge lililopasuka, la ukubwa wa shilingi mia, ambalo hakujua kama lipo. Raba za mtumba alizokimbilia zilikuwa na mshono uliochomoza kwa ndani. Fundi aliyekagua mishono ya watu maisha yake yote hakuuhisi mshono uliokuwa unamla yeye.

Kidonda kilisafishwa na kufungwa, na kutembea kukaahirishwa siku 10 hadi kipone. Siku hizo alipewa mazoezi ya kitini: kuinyoosha miguu mmojammoja mara 10, na kunyanyua chupa za maji za lita 1.5 kwa mikono, mizunguko 3.

Mpango uliofuata ulikuwa huu. Atembee baada ya kila mlo mkuu, aanze dakika 15 hadi 20 baada ya kunawa mikono. Wiki mbili za kwanza dakika 10 kila mara, kisha 15. Mwendo uwe wa kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Baada ya wiki hizo mbili atatimiza dakika 45 kwa siku, na hata akikosa matembezi mawili au matatu kwa wiki, bado anavuka dakika 150 kwa wiki zinazopendekezwa kwa watu wazima. Siku mbili kwa wiki aongeze mazoezi ya nguvu: kuketi na kusimama bila kushika kiti mara 10, kusukuma ukuta mara 10, kunyanyuka kwa ncha za vidole akiwa ameshika meza mara 10, yote mizunguko 3, akitoa pumzi wakati wa kunyanyuka ili shinikizo la damu lisiruke.

Dukani, meza ya pasi ilihamishiwa upande wa pili na kopo la nyuzi likawekwa kwenye rafu ya juu. Kila nusu saa analazimika kusimama, na pasi anapiga mwenyewe.

Vidonge vikawekwa kwenye mkebe wa sukari. Hakuna kidonge bila chai mezani, na chai ikasogezwa hadi saa 1 na nusu asubuhi. Usiku ugali ulirudi, kiasi cha ngumi moja.

Kuhusu dharura, mfuko wa shati ukawa na kikaratasi chenye vijiko 3 vya chai vya sukari, karibu gramu 15. Akitetemeka au kutoka jasho bila sababu, apime. Asipokuwa na mashine asisubiri, ale ile sukari, apime au ajisikilize baada ya dakika 15, arudie kama bado iko chini ya 3.9, kisha ale chakula. Maandazi na chokoleti hazifai hapo, maana mafuta huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Kijana wake na mkewe walifundishwa pamoja naye. Aliyezimia au asiyeweza kumeza hapewi kitu mdomoni: mlaze ubavu, mkimbize kituoni.

Vipimo vya jozi

Stripu, vile vipande vya kupimia sukari kwenye mashine, ni ghali, na yeye alikuwa anazimaliza kwa kupima asubuhi tu. Kipimo cha asubuhi hakimwambii mtu matembezi ya mchana yamefanya nini. Akashauriwa atumie stripu 4 kwa wiki kwa jozi: moja kabla ya mlo, moja saa 2 baadaye, siku moja bila kutembea na siku inayofuata akiwa ametembea, sahani iwe ileile.

Jumanne alikula wali, maharage na mchicha, akarudi kwenye cherehani. Kabla 8.2, baada 14.1. Jumatano mkewe alimpakulia kwa bakuli lilelile, akatembea dakika 15 hadi sokoni na kurudi. Kabla 8.0, baada 11.2. Aliziandika namba hizo kwa chaki ya kukatia nguo kwenye ubao wa meza yake, na miezi 3 baadaye zilikuwa bado zipo. Miaka 8 ya kuambiwa "fanya mazoezi" haikufanya kilichofanywa na stripu 4.

Matokeo

Wiki 3 baada ya kuacha glibenklamidi, sukari ya asubuhi ilitulia kwenye 9.5 hadi 10. Haikutosha. Akaongezewa gliklazidi miligramu 40, nusu ya kidonge cha 80, pamoja na chai ya asubuhi. Ni ya familia moja na glibenklamidi, lakini hatari yake ya kushusha sukari kupita kiasi ni ndogo zaidi, hasa kwa wazee na wenye figo zilizopungua. Kwa kuwa hatari haijaisha, alipewa masharti mawili: akipima chini ya 5.0 kabla ya kutembea, ale kwanza ndizi mbivu moja. Na akiwa juu ya 15 huku ana kiu kali, kichefuchefu au homa, asifanye zoezi, anywe maji na aje kliniki.

HbA1c ilishuka hadi 7.6% baada ya miezi 3 na 7.3% baada ya miezi 6. Uzito ulifika kilo 80.5. Sukari ilishuka mara moja tu, 3.7, siku ya mazishi: alitembea mbali hadi makaburini, na chakula cha mchana kikachelewa hadi saa 9. Alikula kile kikaratasi chake akiwa amesimama makaburini, akamwambia aliye jirani naye kwa nini.

Matembezi ya usiku yaliyumba. Mtaa hauna taa, bodaboda zinapita bila kutazama, na mwezi wa kwanza alitembea siku 2 au 3 tu kwa wiki. Suluhisho likawa uani: kuzunguka nyumba mara 22, mkewe akimsindikiza. Inachosha kuitazama, lakini inafanyika.

Uchambuzi: kwa nini alianguka

Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu bila kusubiri insulini. Baada ya zoezi huendelea kuitamani ili kujaza akiba yake, na mwili hubaki mwepesi kuitikia insulini kwa saa 24 hadi 72. Mtu anayetoka kwenye kukaa kutwa hadi saa nzima ya mbio kila siku bila kupumzika hubandika athari ya jana juu ya ya leo. Ndiyo maana hakuanguka siku ya 3 bali ya 17. Ongeza glibenklamidi inayosukuma insulini tangu alfajiri, mlo wa usiku uliokatwa, ini ambalo limetumia sehemu ya akiba yake usiku kucha, na figo zinazochelewesha dawa. Kila kimoja peke yake pengine kingevumilika.

Kwa hiyo kosa la msingi lilitendeka siku ya kliniki. Kumwambia mtu anayetumia glibenklamidi au insulini "fanya mazoezi" ni sawa na kumwongezea dozi, na dozi huandikwa kwa kipimo na saa. Ingetosha kumuuliza, "Baba, ukimeza vidonge asubuhi, unakula saa ngapi?"

Si sahihi, hata hivyo, kusema mazoezi kabla ya kula ni hatari kwa kila mwenye kisukari. Anayetumia metformini peke yake, au anayedhibiti kwa chakula tu, kwa kawaida anaweza kutembea alfajiri bila shida. Anayetumia insulini anahitaji mpango tofauti na huu, akiwa na daktari wake.

Kosa la pili ni la zahanati: saa 1 ya kumwangalia haitoshi kwa aliyeangushwa na glibenklamidi. Dekstrozi huisha haraka, dawa bado ipo, na sukari hushuka tena. Walaji wa dawa za kundi hili walioanguka wanahitaji chakula, kupimwa mara kwa mara na kulazwa, hasa wakiwa wazee. Wahudumu walifanya vizuri kumpima sukari mara alipofika bila kusikiliza habari ya ulevi, na hilo lilimwokoa asubuhi.

Kilichosaidia kuliko vyote, kwa maoni yetu, ni kuhamishia kutembea baada ya mlo. Sukari inapanda, na misuli iko kazini kuipokea. Hatari ya kushuka hupungua na mlima wa baada ya chakula unafupishwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, uliochapishwa 2016 kwa watu 41 wenye kisukari cha aina ya 2, ulilinganisha dakika 30 wakati wowote na dakika 10 baada ya kila mlo mkuu. Sukari ya baada ya kula ilikuwa chini kwa wastani wa 12% kwa mpango wa pili, na 22% baada ya mlo wa jioni. Ndiyo sababu uani pale usiku panastahili kupiganiwa hata kukichosha.

Hatuwezi kusema HbA1c ilishushwa na kutembea pekee. Dawa ilibadilika, vidonge vikaanza kumezwa kwa wakati, uzito ukapungua. Jozi za vipimo ndizo zinazotenganisha kidogo mchango wa matembezi, na ni jozi chache za mtu mmoja.

Yaliyobaki

Macho yake hayajapimwa, na hadi yapimwe asinyanyue kitu kizito zaidi ya zile chupa. Nyayo zinakaguliwa na mkewe kila usiku kwa tochi ya simu, na kliniki huzikagua kila miezi 3. Raba zilibadilishwa, na zile za zamani alizifumua ule mshono, akazigawa.

Mwezi wa 7 alifungua mota na kurudi kukanyaga kwa nusu siku. Kliniki ilikubali kwa sharti la viatu vya kufunika na soksi, kwa sababu ya ule mguu usiohisi. Jozi mbili za vipimo hazikuonyesha tofauti ya maana kati ya siku za mota na siku za kukanyaga. Anaendelea kukanyaga hata hivyo, na jozi nyingine mbili zimepangwa mwezi ujao.